Viumbe Vamizi na Taka Zinazoelea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kandokando ya Ziwa Victoria

Maswali yaliyomo humu ndiyo yanayoulizwa zaidi na wavuvi, wachuuzi wa dagaa, wafugaji wa samaki wa vizimba na wanafunzi wa Mwanza pale mazungumzo yanapofikia taka za majini. Mengi huanzia baharini, kwa sababu huko ndiko jambo hili lilikochunguzwa kwa kina, kisha hurudi mwaloni, yaani pale wavuvi wanapotia nanga na kushusha samaki. Majibu yamefuata njia hiyohiyo, na pale ambapo bahari na ziwa havifanani tumesema hivyo waziwazi.

Kiumbe vamizi ni yupi, na anatofautianaje na kiumbe mgeni?

Kiumbe mgeni ni mmea au mnyama aliyefika mahali pasipo pa asili yake kwa kupelekwa na binadamu au kwa kudandia vitu vya binadamu. Wengi wa wageni hao hufa njiani, na wengine huishi kwa adabu. Mahindi na mihogo vilitoka Amerika, lakini hakuna aliyewahi kuona muhindi ukitoroka shambani na kuuteka msitu. Mgeni huitwa vamizi pale anapozaliana bila kudhibitiwa, akawanyang'anya wenyeji chakula, mwanga au makazi, na kuwatia watu hasara.

Taka inayoelea humbebaje kiumbe hai?

Chukua dumu la lita 20 lililokaa majini kwa majuma kadhaa, uligeuze. Upande uliokuwa juu ni mkavu na umepauka kwa jua, na ule uliokuwa chini una utelezi wa kijani au wa kahawia unaonata vidoleni. Utelezi huo ni bakteria na mwani, nao ndio hatua ya kwanza. Baharini, ukishatanda, hufuata mabuu ya wanyama wadogo wanaotafuta mahali pagumu pa kujishikiza: kome, chaza, na wale wenye magamba meupe wanaoganda kwenye matumbo ya majahazi. Hao wakishajenga, huacha mianya ambamo kaa, minyoo na konokono hujificha, na baada ya miezi michache dumu linakuwa kijiji kizima kinachosukumwa na upepo na mikondo ya maji kwenda kusikojulikana.

Mbona magogo na nazi vimeelea tangu zamani? Kuna jipya gani?

Swali hili ni la haki, na ndilo lenye uzito kuliko mengine yote. Ni kweli kwamba kuelea ni njia ya kale. Mlima wa volkano wa Krakatoa ulipolipuka mwaka 1883 huko Indonesia, mawe yake mepesi yenye matundu, ya namna ile tunayosugulia visigino, yalivuka Bahari ya Hindi yakielea hadi pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1995, baada ya vimbunga kupita katika visiwa vya Karibi, mijusi wakubwa aina ya iguana wasiopungua 15 walionekana wakifika kisiwa cha Anguilla juu ya magogo na miti iliyong'olewa, mahali ambapo aina hiyo haikuwapo.

Lakini gogo lina mwisho wake. Baharini kuna viumbe wanaotoboa mbao, adui wale ambao mabaharia wa majahazi wamepambana nao kwa vizazi kwa kupaka sifa (mafuta ya samaki) na deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa), na gogo wakishalitafuna hulowa, huvunjika na kuzama pamoja na abiria wake. Nyasi na majani huoza mapema zaidi. Hivyo safari ya asili ilikuwa na kikomo, na kwa kawaida kikomo hicho kilifika kabla ya ng'ambo ya bahari. Plastiki na faiba haviozi wala havitobolewi na viumbe hao, kwa hiyo abiria anaweza kukua, kuzaa na kuacha watoto na wajukuu juu ya kipande kilekile. Kikomo hicho kilichowazuia abiria kwa maelfu ya miaka ndicho plastiki ilichokiondoa.

Je, kuna ushahidi kwamba viumbe wamewahi kuvuka bahari nzima kwa njia hii?

Upo, na ulio mkubwa zaidi ulitokana na msiba. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ardhi lilisababisha tsunami iliyozoa pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani. Serikali ya nchi hiyo ilikadiria kwamba tani milioni 5 za vitu ziliingia baharini, na kwamba sehemu kubwa ilizama karibu na pwani huku tani zipatazo milioni 1.5 zikibaki zinaelea.

Mwezi Juni 2012, wakazi wa mji wa Newport katika jimbo la Oregon, Marekani, waliamka na kukuta gati la kuelea lenye urefu wa mita zipatazo 20 limekaa mchangani. Lilikuwa limetoka bandari ya Misawa, upande wa pili wa Pasifiki, na lilikuwa limefunikwa na mwani, kome, kaa na viti vya pweza vya Japani. Wataalamu na watu waliojitolea waliubandua mzigo huo kwa mapauro, wakauzika mahali ambapo maji kujaa hayafiki, kisha wakalichoma gati kwa moto ili kuua kilichobaki. Mwaka uliofuata boti ndogo ya Kijapani ilitua katika jimbo la Washington, na ndani ya tundu lake la kuwekea chambo wakakutwa samaki watano hai wenye milia. Samaki hao walikuwa wamesafiri miaka miwili katika beseni lao wenyewe.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science, ukiongozwa na James Carlton, ulihesabu spishi 289 za Kijapani zilizofika zikiwa hai Amerika ya Kaskazini na Hawaii kati ya 2012 na 2017. Mbao zilipungua mapema, ilhali plastiki na faiba ziliendelea kufika zikiwa na abiria. Watafiti walieleza pia kwamba mwendo wa pole ulisaidia: meli hukimbia noti (kipimo cha mwendo wa vyombo vya majini) 20 na zaidi, ilhali taka hujikokota kwa noti 1 au 2, na kiumbe anayekwenda taratibu hupata muda wa kuzoea mabadiliko ya joto la maji.

Viumbe hao wameota mizizi huko walikofika?

Hadi utafiti huo ulipochapishwa haikuwa imeonekana hata spishi moja iliyojenga jamii ya kudumu kutokana na taka hizo. Hilo halimaanishi kwamba hatari imepita, kwa kuwa kati ya kufika na kuonekana huweza kupita miaka mingi.

Je, viumbe wa pwani wanaweza kuishi katikati ya bahari kuu?

Zamani wataalamu walidhani hawawezi, kwa kuwa kule hakuna mwamba wa kushika wala chakula cha kutosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulichunguza vipande 105 vya plastiki vilivyookotwa katika mzunguko mkubwa wa mikondo ya bahari wa Pasifiki ya Kaskazini, na takribani asilimia 70 ya vipande hivyo vilikuwa na viumbe wa pwani. Baadhi walikuwa wakizaliana hukohuko. Kwa maneno mengine, plastiki imekuwa pwani ya bandia katikati ya bahari.

Haya ni ya Pasifiki. Bahari ya Hindi, iliyo upande wetu, inahusikaje?

Mwezi Juni 2016 kipande cha bawa la ndege kiliokotwa Pemba, na baadaye mwaka huohuo ikathibitishwa kwamba kilitoka kwenye ndege ya Malaysia iliyopotea tarehe 8 Machi 2014. Kipande kingine kilikuwa kimepatikana kisiwa cha Réunion mwezi Julai 2015, nacho kilikuwa kimeganda viumbe wenye magamba, ambao watafiti waliwatumia kukisia njia ya kipande hicho na joto la maji kilimopita. Watu wengi wanakumbuka habari hizo kwa ajili ya msiba wa abiria, na ndivyo ipasavyo. Kwa mada yetu zinathibitisha jambo moja dogo: kitu kinachoelea upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi kinaweza kutua Tanzania baada ya miaka miwili, na kinaweza kufika na wasafiri wake.

Viumbe hao wa bahari wanaweza kufika Ziwa Victoria?

Kwa kuelea, hapana. Ziwa liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, mto unaotoka humo huteremka kwenda kaskazini kupitia maporomoko na mabwawa, na hakuna taka inayopanda mto. Zaidi ya hayo, wengi wa viumbe wa maji chumvi hufa wakiingia maji baridi. Anayewaambia wavuvi wa Kirumba kwamba kaa wa Japani watawajia anawatisha bure.

Basi sisi wa Mwanza jambo hili linatuhusu nini?

Linatuhusu kwa sababu ziwa hili limekwisha kuvamiwa na kitu kinachoelea, nacho hakikuhitaji hata taka ya kukibeba, kwa kuwa chenyewe ndicho chombo na ndicho abiria. Gugu maji asili yake ni bonde la Amazoni. Lilisafirishwa duniani kama ua la mapambo, kwa ajili ya maua yake ya zambarau yanayopendeza machoni, na Misri lilifika mwishoni mwa karne ya 19. Katika Ziwa Victoria lilionekana kuelekea mwaka 1990, na njia yake mojawapo kubwa ilikuwa Mto Kagera, ambao uliendelea kuleta mafungu mapya kila siku kutoka nchi za juu. Ifikapo 1998 lilikadiriwa kufunika hekta zipatazo 20,000 katika nchi zote tatu. Mahali penye joto na maji yaliyorutubishwa na mbolea na majitaka, fungu moja linaweza kujizidisha mara mbili ndani ya wiki moja au mbili, na mbegu zake zinaweza kulala matopeni kwa miaka mingi zikingoja maji yapungue.

Kilicholipunguza kwa kiasi kikubwa ni fukusi wa aina mbili, wadudu wadogo wanaolitafuna, wa asili ya huko huko Amerika ya Kusini, walioachiliwa ziwani kuanzia mwaka 1995 upande wa Uganda na baadaye Kenya na Tanzania, wakisaidiwa na mawimbi na hali ya hewa ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Hata hivyo gugu halikuondoka. Hurudi kwa misimu, na mwanzoni mwa mwaka 2025, kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa mwezi Juni, lilivitatiza vivuko vya Kigongo na Busisi kiasi cha kuwaacha abiria wakingoja kati ya maji huku injini zikisaga majani.

Ukitaka kujua kama fukusi wapo, okota jani lililokomaa ulitazame kwa karibu. Madoadoa ya kahawia ya mviringo, madogo kuliko punje ya dengu, ni mahali walipokwangua ngozi ya jani. Chana shina lililovimba kama kitunguu: ukikuta njia nyembamba iliyooza ndani yake, funza wa fukusi amepita humo.

Gugu maji hubeba nani?

Hili hupuuzwa sana. Nyanyua fungu moja kwa majani yake, ulining'inize juu ya beseni jeupe lenye maji, kisha ulitikise. Mizizi yake myeusi yenye zambarau, laini kama manyoya ya kuku aliyelowa, itaangusha uduvi, mabuu ya kereng'ende, vidudu vya maji na konokono wadogo. Miongoni mwa konokono hao wamo wale wanaohifadhi vijidudu vya kichocho, na imethibitishwa katika ziwa hili kwamba hukaa kwenye gugu maji. Fanya zoezi hilo ukiwa umevaa glavu na viatu vya mpira, wala usiingie majini kwa ajili ya kulifanya.

Kwa hiyo fungu linaposukumwa na upepo wa ziwani mchana kutoka ghuba moja hadi nyingine, linahamisha mmea pamoja na kila aliyemo mizizini. Wavuvi wengine watasema kwamba chini ya gugu hupatikana kambare na kamongo wengi, na wanasema kweli, kwa kuwa samaki hao huvumilia maji yenye hewa kidogo ambayo sangara huyakimbia.

Visiwa vinavyoelea navyo ni uvamizi?

Si lazima. Vingi ni mafunjo na matete, mimea ya hapahapa, iliyobanduka kingoni maji yalipopanda. Lakini chombo cha asili kinaweza kubeba gugu maji na taka pamoja, na kinaweza kuleta hasara kikiwa peke yake: mwezi Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kilifika kwenye bwawa la umeme la Jinja, na Uganda karibu nzima ikakosa umeme.

Na plastiki za ziwani, je, nazo hubeba viumbe?

Hubeba, ingawa bila ule umati wa kome na chaza unaoonekana baharini. Jambo la kuangalia zaidi ni mayai ya konokono. Konokono wa kichocho hutaga vifuko vya utomvu ung'aao, vidogo kama ukucha wa mtoto, kwenye uso laini ulio karibu na juu ya maji, na plastiki huwafaa kiasi kwamba maabara zinazowafuga huwawekea vipande vya nailoni au vya povu gumu jeupe la kufungia televisheni ili watage hapo. Chupa inayoshuka na Mto Mirongo kupitia katikati ya jiji na kuingia ziwani ni kipande kama hicho.

Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 limepunguza mifuko, na anayeikumbuka Mwanza ya kabla ya hapo anaiona tofauti. Halikugusa chupa, madumu, nyavu za nailoni wala vipande vya maboya, na hivyo ndivyo vinavyoelea muda mrefu zaidi. Kwa maoni yetu, mtu akitaka kupunguza safari za viumbe ziwani angeanza na maboya na nyavu zilizotupwa, kabla ya kingine chochote.

Sangara si kiumbe vamizi? Mbona ndiye anayetulisha?

Ni vamizi, na ni kweli anatulisha. Hakuja kwa kuelea. Aliwekwa ziwani na watu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda mrefu hakuonekana sana, kisha katika miaka ya 1980 akafumuka. Kabla yake ziwa lilikuwa na spishi za furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa hili, zinazokadiriwa kuzidi 500, na timu ya watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, iliyoanza kazi katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, ilijikuta ikiandika habari za furu hao wakitoweka mbele ya macho yake. Inakadiriwa kwamba spishi zipatazo 200 zilipotea au zilikaribia kupotea, ingawa kuchafuka kwa maji na uvuvi navyo vilichangia. Wakati huohuo viwanda vya minofu vilijengwa, ajira zikaja, na leo kuna familia zinazosomesha watoto kwa mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara.

Neno vamizi linaeleza kile ambacho kiumbe amewafanyia wenyeji wa majini. Halisemi kama watu wamefaidika au la, na wala halimwamuru mtu kuacha kumvua sangara. Kinyume chake, kumvua ni njia mojawapo iliyoruhusu baadhi ya furu kurejea.

Nikikuta gugu maji limeziba mwalo, nilisukume liende?

Usilisukume. Ukilivuta hadi maji makuu na kuliachia, umempelekea jirani wa visiwa vya Kome au Ukerewe, na upepo ukigeuka atakurudishia. Lipakie, ulipeleke nchi kavu mbali na mahali mawimbi yanapofika, ulitandaze likauke kabisa. Kipande kibichi chenye kikonyo na mzizi kikirudi majini huanza upya. Kazi hii ifanywe kwa pamoja na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo husika, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kulimaliza kabla halijazaa.

Wenye vizimba na wanaohamisha nyavu wazingatie nini?

Mwenye kizimba akague mapipa na mabomba yanayokielesha kabla ya msimu wa upepo, afunge kamba mpya pale palipochakaa, na aandike alama yake kwenye kila pipa ili likibanduka litambulike. Mwenye wavu anayetoka ziwani kwenda Ziwa Tanganyika, Burigi au kwenye lambo la kijiji autikise, atoe majani yote, na auanike juani hadi ukauke hadi ndani ya mafundo. Maji yaliyobaki ndani ya mtumbwi yamwagwe yalikotoka. Kuhamisha samaki hai kutoka ziwa moja kwenda jingine bila kibali ni kosa, hata kama nia ni kupanda mbegu kwenye bwawa la shule. Kamba wa Marekani, wale wanyama wa majini wenye magando, waliopelekwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1970 na kugeuka wavamizi, walipelekwa kwa nia njema pia.

Baharini meli zenyewe hazihusiki?

Zinahusika sana, kwa maji ya kusawazisha meli na kwa kilichoganda matumboni mwake. Mkataba wa kimataifa wa maji hayo ulipitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika tarehe 8 Septemba 2017. Taka inayoelea haina nahodha wala bandari ya kukaguliwa, na hiyo ndiyo tofauti.

Nikiona kitu nisichokijua kimeganda kwenye boya, nifanye nini?

Usikirudishe majini. Kipige picha kikiwa bado kimeshika boya, ukiweka sarafu pembeni ili ukubwa wake ujulikane, kisha andika jina la mwalo, tarehe, na kina cha maji ukiweza. Bandua kimoja au viwili, uvitie kwenye kichupa chenye spiriti, na umpelekee afisa uvuvi wa kata au Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, kituo cha Mwanza. Karatasi ya maelezo iingie ndani ya kichupa pamoja na kiumbe, na iandikwe kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka ndani ya spiriti.